Uzi maalumu: vidonda vinavyosumbua baada ya upasuaji wa matundu tumboni

#1 SistaWaMikasi

Habari zenu wakuu.

Haipiti muda humu bila mtu kufungua uzi kuuliza jambo lile lile: nimetolewa mfuko wa nyongo kwa kamera, au kidole tumbo, au uvimbe kwenye ovari, sasa kidonda cha kitovuni kinatoa maji, je ni kawaida? Majibu huja ya aina mbili. Kundi moja linasema tulia utapona, jingine linasema kimbia hospitali. Na yote mawili yanaweza kuwa sahihi, maana jibu linategemea sana umeuliza siku ya ngapi tangu utoke chumba cha upasuaji. Maji ya siku ya tatu na maji ya wiki ya sita ni magonjwa mawili tofauti hata kama yanafanana kwa rangi. Nimeona tuwe na uzi mmoja, kila mwenye swali alete hapa.

Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji na nimefanya kazi kliniki ya vidonda pia. Madaktari wa humu nikiteleza mnirekebishe.

Kwanza lenyewe tundu. Daktari anachana ngozi kidogo, mara nyingi kitovuni, anajaza tumbo gesi ya kaboni dayoksaidi hadi shinikizo la milimita 12 mpaka 15 za zebaki ili ukuta wa tumbo uinuke apate nafasi ya kufanyia kazi. Halafu anapitisha mirija migumu tunayoiita trokari, ambamo kamera na vifaa vinapita. Midogo ina kipenyo cha milimita 5, mikubwa 10 hadi 12. Mirija hiyo haiishii kwenye ngozi. Inatoboa mafuta, inatoboa utando mgumu unaoshikilia misuli, inapita misuli yenyewe au katikati yake, ndipo inafika ndani. Ngozi ikishafungwa unabaki na kamstari ka sentimita moja na unajiona mzima. Tabaka linalobeba uzito wa tumbo ni ule utando mgumu wa chini, na huo hakuna anayeuona akijitazama kwenye kioo.

Siku za mwanzo. Ngozi kuvilia damu, kugeuka zambarau kisha kijani kisha manjano, ni jambo la kutarajia, na rangi hiyo hushuka chini kwa uzito wake hadi mtu anashangaa mbona kinena nacho kimebadilika. Kubonyeza ngozi ukasikia inatatarika ni gesi iliyojipenyeza chini ya ngozi. Kwa kawaida mwili unaifyonza ndani ya siku moja au mbili. Bega kuuma, hasa la kulia, nalo linawatisha watu bure: gesi iliyobaki inakera kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo, na neva ya kiwambo hicho inatoka shingoni, basi ubongo unadhani bega ndilo linaumia.

Kisicho cha kawaida siku hizo za mwanzo ni uvimbe mgumu unaokua mbele ya macho yako pembeni mwa tundu, hasa matundu ya kushoto au kulia chini ya kitovu. Kila upande wa ukuta wa tumbo una ateri inayopanda kutoka kwenye nyonga, nyuma ya misuli. Trokari ikiigusa, mrija wenyewe na shinikizo la gesi vinaweza kuibana isitoe damu upasuaji wote, mrija ukitolewa na gesi ikitoka damu inaanza. Ndiyo maana daktari makini hutoa trokari huku kamera ikiangalia kila tundu, na trokari ya kamera inatoka mwisho. Mgonjwa aliyerudi wodini, uvimbe unaongezeka, moyo unakwenda mbio, amepauka, anajisikia kuzimia akikaa: huyo ni wa kuitiwa daktari dakika hiyo hiyo.

Naendelea baadaye, zamu inaanza.

#2 Kiguu na Njia

Asante sista. Hilo la bega nililia nikidhani ni moyo. Hakuna aliyeniambia kabla.

#3 MamaWawili

Sista, mimi kidonda cha kitovu kinatoa majimaji ya njano mepesi, hayanuki, sina homa. Ni wiki ya pili. Duka la dawa wamenipa antibayotiki, jirani kaniambia nimimine unga wa kapsuli juu yake kikauke.

#4 SistaWaMikasi

MamaWawili dada yangu, unga wa kapsuli acha kabisa. Haufiki panapotakiwa, unaganda na majimaji unakuwa koko, chini yake usaha unapata maficho. Vivyo hivyo spiriti na haidrojeni peroksaidi kila siku: zinaua vijidudu na zinaua pia chembe mpya zinazojaribu kuziba kidonda.

Maji mepesi ya njano yasiyo na harufu, ngozi ya pembeni haina joto wala wekundu unaotambaa, mara nyingi ni majimaji ya mwili yaliyojikusanya kwenye pengo lililoachwa chini ya ngozi. Mengi hufyonzwa yenyewe. Wengine wanaomba wanyonywe kwa sindano kila wiki, na kila sindano inayoingia ni nafasi ya kuingiza vijidudu mahali palipokuwa safi. Safisha kwa maji safi au maji ya chumvi ya hospitali, kausha taratibu, weka shashi kavu, badilisha ikilowa. Ila nenda wakakuangalie, kwa sababu kitovu kina tabia zake: ni shimo, kina jasho na uchafu wa miaka, na ndipo mara nyingi kiungo kilichotolewa kinavutiwa nje. Ukikitazama mwenyewe kutoka juu huoni chini yake kuna nini.

Maambukizi ya kawaida ya mshono hujitangaza. Maumivu yaliyokuwa yanapungua yanageuka na kuongezeka. Wekundu unapanuka, pana joto, panavimba, panatoka usaha mzito, homa ya 38 au zaidi. Mengi huonekana kuelekea mwisho wa wiki ya kwanza na ndani ya wiki ya pili, na kwa hesabu za hospitali yoyote yanayotokea ndani ya siku 30 yanahesabiwa ni ya upasuaji ule. Hapo tiba ya kwanza mara nyingi ni kufungua nyuzi moja mbili usaha utoke na kuosha. Vidonge peke yake juu ya usaha uliofungiwa ndani havifanyi kitu cha maana. Watu wanachukia kusikia kidonda kifunguliwe, nawaelewa, lakini usaha uliofungiwa utatafuta njia yake mwenyewe na utachagua mbaya.

#5 Mchapakazi wa Usiku

Na kuoga je? Mimi nilikatazwa maji mpaka nyuzi zitoke.

#6 SistaWaMikasi

Mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, unaruhusu kuoga maji yanayotiririka baada ya saa 48. Kulowekwa kwenye beseni au bwawa ni kitu kingine, subiri kidonda kifunge. Ukiwa umefungwa kwa gundi ya ngozi usipake mafuta ya aina yoyote juu yake, yanailegeza. Iache, itabanduka yenyewe siku ya 5 mpaka ya 10.

#7 Nyota ya Jaha

Naomba kuuliza langu, limenichosha. Nilitolewa mfuko wa nyongo kwa matundu manne. Nilipona vizuri kabisa, makovu yakakauka, nikarudi kazini. Zaidi ya mwezi mmoja baadaye likatokea donge dogo chini ya kovu la juu, haliumi sana. Likaiva, likapasuka, likatoa maji meupe kidogo. Likafunga. Likatokea jingine pembeni yake. Nimeshakunywa antibayotiki za kila jina, nafuu ya siku chache halafu linarudi. Wamenipasua wakasafisha, limerudi. Kipimo cha usaha kinasema hakijaota kitu. Homa sina. Kuna aliyeniambia ni uzi umebaki, mwingine kaniambia nimerogwa.

#8 Dk Zamu Ndefu

Nyota ya Jaha, pole. Hadithi yako, kuanzia "nilipona vizuri kabisa" mpaka "hakijaota kitu", ndiyo hadithi ninayoitafuta nikimhoji mgonjwa wa namna hii. Sijakuona wala sijakupima kwa hiyo sisemi ndiyo. Nasema jambo la kupimwa kwanza ni mikobakteria wasio wa kifua kikuu.

Hawa ni ndugu wa vimelea vya kifua kikuu. Wanaishi kwenye maji na udongo, hata maji ya bomba. Majina utakayoyaona kwenye karatasi ya maabara ni Mycobacterium fortuitum, Mycobacterium chelonae na Mycobacterium abscessus. Wakiingia kwenye tundu la upasuaji hawafanyi fujo mara moja. Kidonda kinafunga, wiki zinapita, ndipo vinundu vinaanza, vinaiva pole pole, vinatoboka, vinafunga, vinaota pembeni. Mgonjwa haumwi mwili, hana homa, anaonekana mzima. Antibayotiki za kawaida za vidonda hazishiki.

Kipimo chako "hakijaota" kwa sababu maabara nyingi hutupa sahani za kuoteshea usaha baada ya siku 2 au 3. Hawa wanaitwa waotaji wa haraka, lakini haraka yao ni kwa kulinganisha na kifua kikuu. Wanaweza kuhitaji wiki. Mmoja wao, chelonae, anapenda joto la chini, kama nyuzi 30, kuliko joto la mwili linalotumika kwa vimelea vingine. Kwa hiyo daktari wako lazima aandike kwenye fomu kwamba anawatafuta hao. Na apeleke kipande cha nyama kutoka kwenye kinundu, maana kijiti cha pamba kilichopanguswa juu ya usaha hubeba vimelea vichache mno. Kipande kimoja kipelekwe kuoteshwa, kingine kwa daktari wa patholojia akichunguze kwa hadubini.

Tiba ipo. Ni mchanganyiko wa dawa kulingana na matokeo ya unyeti, yaani dawa ipi inawaweza, mara nyingi klarithromaisini ikiwa na nyingine kama siprofloksasini au amikasini, kwa miezi. Wakati mwingine na upasuaji wa kukata nyama yote iliyoathirika. Usikubali kuanzishwa dawa za kifua kikuu kwa kubahatisha bila kipimo: dawa za kawaida za TB haziwafai hawa, ingawa TB yenyewe nayo huwa inatokea kwenye matundu haya, na ndiyo sababu nyingine ya kupima. Na usinywe klarithromaisini peke yake kwa kujinunulia, wanajifunza kuikwepa.

#9 Nyota ya Jaha

Daktari nimesoma mara tatu. Sasa wameingiaje? Chumba kilikuwa safi, walivaa kila kitu.

#10 SistaWaMikasi

Hapa niachieni mimi, hili ni eneo langu na huwa linanipandisha presha.

Vifaa vya kamera vina bawaba, vina mirija membamba ndani, vina ala ya plastiki ya kuzuia umeme. Kipande cha nyama au damu kikikauka humo, hakuna dawa itakayokipenya. Kifaa lazima kifunguliwe kipande kwa kipande, kisuguliwe kwa brashi, kisukumiwe maji kwa shinikizo, ndipo kiende kwenye kutakaswa. Kazi hii ni ya kuchosha, haina sifa, na orodha ya upasuaji ikiwa ndefu na seti ya vifaa ni moja, ndiyo inayofupishwa kwanza.

Pili ni kuloweka. Sehemu nyingi vifaa visivyovumilia mvuke wa moto hulowekwa kwenye glutaraldehaidi ya asilimia 2. Ukiloweka dakika 20 unapata usafi wa kiwango cha juu, vijidudu vingi vinakufa. Kuua kila kitu, pamoja na mbegu sugu za bakteria, kunahitaji kama saa 10. Na kanuni ya Spaulding, ambayo sisi wa vyumba vya upasuaji tunaijua kwa moyo, inasema kifaa kinachoingia sehemu ya mwili isiyo na vijidudu lazima kitakaswe kabisa. Tumbo ni sehemu hiyo. Dakika 20 kati ya mgonjwa na mgonjwa hazitoshi. Halafu kifaa kinatolewa kwenye dawa na kusuuzwa, kwa maji gani? Ikiwa ni ya bomba, mikobakteria ambao daktari kasema wanaishi majini wamepandishwa upya juu ya kifaa kilichotoka kusafishwa. Kwa nini wanakaa kwenye matundu ya ngozi na si ndani zaidi sijasikia maelezo yanayoniridhisha zaidi ya haya: pale ndipo trokari inasugua mafuta na kuacha jeraha lenye damu kidogo.

Brazil ndiyo iliyofundisha dunia. Jimbo la Rio de Janeiro, kati ya Agosti 2006 na Julai 2007, lilihesabu visa 1,051 vinavyoshukiwa baada ya upasuaji wa kamera, kwenye hospitali 63. Mhusika alikuwa mikobakteria wa kundi la abscessus, na alipopimwa alikutwa anahimili ile ile glutaraldehaidi ya asilimia 2. Fikiria, hospitali 63. Kuvaa gauni na glovu kungesaidia nini hapo?

Kama kifaa kinavumilia mvuke, kiende kwenye mvuke. Nyuzi 134 kwa dakika 3 au 4 kwenye mashine inayofanya kazi vizuri, hakuna mikobakteria anayepona.

#11 Kobe Taratibu

Ndiyo maana mimi nasema bora kupasuliwa kwa kisu cha kawaida, jeraha moja unaliona. Haya mambo ya matundu ni biashara tu.

#12 Dk Zamu Ndefu

Kobe, maneno hayo si mageni. Erich Mühe wa Ujerumani alipotoa mfuko wa nyongo kwa kamera mwaka 1985, wenzake walimbeza. Ukweli ni kwamba kwa upasuaji wa nyongo na kidole tumbo, maambukizi ya mshono na ngiri za mshono ni machache kwa matundu kuliko kwa mpasuo mrefu. Ila machache si sifuri, na yanapotokea yana sura ambayo watu hawaijui. Sista ameeleza moja, niseme la pili, ngiri.

Ngiri ya tundu hutokea pale utando mgumu wa chini haukufungwa au ulifunguka. Kawaida yetu kwa mtu mzima ni kushona utando huo kwenye tundu la milimita 10 na zaidi. La milimita 5 huachwa lijibane lenyewe. Kwa mtoto mdogo hata la 5 hushonwa, ukuta wake ni mwembamba. Tatizo huja pale mfuko wa nyongo umejaa mawe makubwa haupiti, daktari anaongeza tundu kwa mkasi au kwa kulivuta. Lilianza milimita 10, limekuwa 20 na kitu. Mgonjwa akiwa mnene, kushona chini ya mafuta hayo kupitia mpasuo wa sentimita moja ni sawa na kufunga kifungo ndani ya mfuko wa suruali ya mtu mwingine. Ongeza kisukari, uvutaji sigara, kikohozi cha muda mrefu, au kidonda kilichowahi kuoza: uzi unashindwa.

Inakuja kwa njia mbili, na ya kwanza ndiyo inayoua. Ndani ya siku chache hadi wiki mbili baada ya upasuaji, mtu anaanza kichefuchefu, kutapika, tumbo linajaa. Wanamwambia ni nusu kaputi haijaisha, au gesi. Huku kipande cha utumbo kimezama kwenye tundu na kunaswa. Iko aina iliyopewa jina la Richter: hunaswa ukuta wa upande mmoja tu wa utumbo, njia ya katikati inabaki wazi. Kwa hiyo mgonjwa anaweza kuendelea kutoa hewa na hata choo, kila mtu anatulia, na kile kipande kilichobanwa kinakosa damu, kinakufa, kinatoboka. Kwenye ngozi huenda usione uvimbe wowote, hasa kwa mtu mwenye mafuta. Mtu aliyefanyiwa upasuaji wa matundu siku nne tano zilizopita alikuwa anaendelea vizuri, sasa anatapika na tumbo limejaa: apelekwe, na apigwe sitiskani. Asisubiri asubuhi.

Njia ya pili ni ya polepole. Miezi inapita, anaona kitovu kinachomoza akikohoa au akisimama, akilala kinarudi. Hiyo ina muda wa kupangiwa, isipokuwa siku itakapogoma kurudi, ikawa ngumu na ya kuuma. Siku hiyo ni dharura.

#13 MamaWawili

Jamani. Tulipewa karatasi moja tu ya kurudi kutoa nyuzi, basi.

#14 SistaWaMikasi

Basi fanya hivi, na wengine pia: rudi uombe nakala ya ripoti ya upasuaji. Ni haki yako kuuliza. Humo utakuta tundu gani lilikuwa la milimita ngapi, lipi lilitumika kutolea kiungo, kama mfuko wa nyongo ulipasuka ndani na mawe kumwagika, kama kilichotolewa kiliwekwa ndani ya kifuko kabla ya kuvutwa, na kama utando wa chini ulishonwa. Siku ukiwa na shida hospitali nyingine, karatasi hiyo inamwokolea daktari mpya kubahatisha.

Mawe yaliyomwagika, kwa mfano. Mengi hukaa tumboni kimya maisha yote. Machache hutengeneza jipu miezi au miaka baadaye, na jipu hilo linaweza kujitoboa kupitia tundu la zamani. Nimeona jiwe likitoka kwenye kovu wakati tunaosha kidonda. Bila kujua historia yake ungefikiri ni muujiza.

Uzi nao una kalenda yake. Nyuzi za kuyeyuka za aina ya poliglaktini, tunazotumia sana, hupoteza nguvu kufikia kama wiki 4 na kuyeyuka kabisa kati ya siku 56 na 70. Kijipele kimoja juu ya kovu wiki ya tano, kikatoa kauzi keupe, kikafunga na kisirudi, mara nyingi ni hicho tu. Tofauti na ya Nyota ya Jaha ni kwamba cha uzi kinaisha uzi ukitoka.

#15 Binti Msitiri

Samahani naomba nisiulizwe mengi. Nina kovu dogo chini kushoto, nilifanyiwa kamera ya kizazi miaka kadhaa iliyopita. Kila nikiwa kwenye siku zangu panavimba na kuuma, mara moja palitoka kidamu. Zikiisha panatulia. Niliambiwa ni neva.

#16 Dk Zamu Ndefu

Huulizwi, dada. Uvimbe wa kwenye kovu unaofuata mwezi ni endometriosisi ya kovu mpaka ithibitishwe vinginevyo. Tishu inayofanana na ya ndani ya kizazi imepandikizwa kwenye tundu wakati wa upasuaji, na inafuata homoni kama ile ya nyumbani kwake. Muone daktari wa wanawake, ultrasaundi ifanyike siku zile panapovimba. Tiba inayoondoa kabisa ni kukata kinundu chote, na kwa kawaida hakirudi kikitolewa na ukingo wa nyama safi. Neva inauma pia, lakini neva haihesabu tarehe.

Kanuni hiyo hiyo inafanya kazi vibaya zaidi kwa saratani. Mfuko wa nyongo unaweza kutolewa kwa mawe, kumbe una saratani ambayo hakuna aliyeijua. Ukivutwa bila kifuko ukipasuka, chembe hubaki kwenye tundu. Kwa hiyo kilichotolewa kipelekwe patholojia, na mgonjwa afuatilie majibu, asiseme nimepona sina haja nayo. Kinundu kigumu kisicho na usaha kinachokua kwenye kovu hakistahili kukandwa. Upande wa fibroidi, uvimbe wa kizazi, mashine za umeme za kuzisaga ndani ya tumbo zilitawanya vipande hadi FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ikatoa onyo mwaka 2014.

#17 Mchapakazi wa Usiku

Mimi pembeni mwa tundu la chini kulia panachoma kama moto, ngozi ina ganzi, hakuna uvimbe. Hata shati likigusa nasikia.

#18 SistaWaMikasi

Hiyo sasa inafanana na neva kweli. Neva mbili zinapita ukuta wa chini wa tumbo kuelekea kinenani, na trokari ya pembeni au uzi wa kufunga utando huweza kuzigusa. Neva ikiguswa tu hupona kwa wiki hadi miezi. Kama ni uzi umeibana, maumivu huwa makali tangu siku ya kwanza na hayalegei. Daktari anaweza kuchoma sindano ya ganzi pale pale panapouma: maumivu yakikata papo hapo, mhalifu amejulikana na tiba inaanzia hapo.

#19 Kobe Taratibu

Sawa, nimenyoosha mikono. Mke wangu anapangiwa nyongo mwezi ujao. Afanye nini asije akafungua uzi wake humu?

#20 SistaWaMikasi

Haha, Kobe karudi kwa heshima. Akaoge vizuri usiku au asubuhi ya upasuaji, na kitovu akisafishe kwa pamba na sabuni, hilo litusaidie. Asijinyoe tumbo kwa wembe; mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2016 unapinga kunyoa, kwa sababu michubuko ya wembe inakuwa makao ya vijidudu. Nywele zikilazimu kutolewa, zikatwe kwa mashine. Antibayotiki ya kinga kama daktari ameona inahitajika ichomwe kabla ya mpasuo, ndani ya dakika 120, na mwongozo huo huo unasema isiendelezwe baada ya upasuaji kwa lengo la kinga tu. Yule anayetoka na mfuko wa vidonge vya wiki mbili kidonda kikiwa kisafi, vidonge hivyo havimkingi na wale mikobakteria tuliowataja kwa Nyota ya Jaha hata kidogo. Sukari ipimwe mapema, na kama iko juu ishushwe kabla. Anavuta sigara?

#21 Kobe Taratibu

Mimi ndiye ninayevuta.

#22 SistaWaMikasi

Basi kavutie nje, kikohozi cha moshi hakimsaidii mwenye nyuzi tumboni. Na muulizeni daktari bila kuona haya: vifaa vyenu mnavitakasaje? Atakayekasirika na swali hilo amekujibu.

Kuinua vitu vizito asubiri, muda gani ni wa daktari wake kulingana na tundu lilivyofungwa. Kutembea aanze siku ile ile. Akikohoa akandamize kitovu kwa mto.

#23 Nyota ya Jaha

Nimerudi. Nilimwonyesha daktari wangu majibu ya Dk Zamu Ndefu, hakukasirika. Amekata kipande, ameandika mikobakteria kwenye fomu na kuwaambia maabara wasitupe sahani. Daktari, wakati nasubiri naruhusiwa kuendelea na zile antibayotiki zilizobaki?

#24 Dk Zamu Ndefu

Mwambie daktari wako ulizokuwa unakunywa na lini ulimeza ya mwisho, maana zinaweza kuzuia vimelea kuota. Kama hakuna aliyekuandikia uendelee, usizirudie kwa uamuzi wako. Shashi kavu, mikono safi, taulo lako usichangie na mtu. Ukipata homa au wekundu unaotambaa usingoje majibu, rudi.

Na wale wanaonitumia picha za makovu ujumbe wa siri usiku wa manane, wekeni hapa uzini, na muandike tarehe ya upasuaji. Bila tarehe siwezi kusema kitu.